Daftari la Watu Elfu Nne

Redio ya tatu kuvunjwa katika nyumba ile ilivunjwa Jumatatu, saa tano na robo asubuhi, na aliyeivunja alikuwa mtangazaji wa redio. Aliichukua juu ya kabati la vyombo, akaiinua kwa mikono miwili, akaibamiza sakafuni. Haikufa mara moja. Iliendelea kuimba kwa sauti ya puani, wimbo wa vijana wa stesheni ya Mia na Moja, mpaka alipoikanyaga kwa kisigino.

"Nani kagusa hii?"

Mkewe alikuwa amekwisha kuondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba. Saa tano, mume anaporudi kutoka kazini, cherehani inanyamaza, kwa maana masikio yaliyofanya kazi tangu alfajiri yanataka kupumzika. Mke alikuwa na rundo la sare za shule za kumaliza, lakini sheria ni sheria.

"Nimeuliza, nani kagusa redio?"

"Mimi, baba," mke alisema. "Nilikuwa natafuta habari, mkono ukateleza."

"Ukateleza." Alicheka kidogo. "Kutoka tisini na tatu mpaka mia na moja. Mkono wako msafiri."

Kofi lilimpata chini ya sikio, akaangukia rundo la sare. Binti yao wa miaka kumi na saba alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji. Ni yeye aliyegusa redio, na wote watatu walijua. Lakini mama alimkazia macho, na binti akatua ndoo polepole bila kusema neno, kama alivyofunzwa.

Mtaani mtu huyu aliitwa Sahani, kwa sababu ya zile sahani za santuri alizozipiga kila siku kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nne. Miaka kumi na tisa stesheni ya Tisini na Tatu ilikuwa ikiamka kwa sauti yake. Na sauti yenyewe, tuseme ukweli, ilikuwa tamu. Ilikuwa sauti ya mtu anayekufunika shuka usije ukapigwa na baridi. Mama Magunia, muuza mkaa wa nyumba ya pili, alikuwa akisema sauti ile ingefaa kutiwa kwenye chupa iuzwe duka la dawa. Siku moja mke wa Sahani alijikaza akamweleza yanayotokea saa tano. Mama Magunia alicheka mpaka akashika kiuno.

"Yule? Sahani? Jirani, mwanamume mwenye sauti ile hawezi kuua hata inzi. Labda ulimkera tu."

Tangu siku hiyo mke hakumwambia mtu.

*

Kilichomkera Sahani Jumatatu ile kilitokea kwenye chumba cha mikutano cha stesheni, dakika chache baada ya kipindi chake. Meneja wa vipindi, kijana ambaye viatu vyake vilikuwa vipya kuliko mawazo yake, alikuwa amebandika ukutani karatasi yenye mistari miwili. Mstari wa Mia na Moja ulikuwa unapanda. Wa Tisini na Tatu ulishuka kama mtu aliyekosa ngazi.

"Mzee wangu, sikuvunjii heshima," meneja alisema. "Lakini tumezijaribu nyimbo zako. Tumekusanya watu mia ukumbini, tukawapigia sekunde saba za kila wimbo, wakatoa alama. Unajua shida ni nini? Nyimbo zako zinachukua sekunde arobaini kabla mtu hajafungua kinywa. Msikilizaji wa leo anakuwa ameshahama."

"Wasikilizaji wangu hawahami."

"Kweli, hawahami kwenda stesheni nyingine. Wanahamia makaburini. Na kampuni ya sabuni haitangazi makaburini."

Chumba kizima kiliangua kicheko. Msoma habari peke yake hakucheka. Huyu alikuwa mwanamke mkavu, anayesoma taarifa ya mafuriko na ya harusi kwa sauti ileile moja, na dakika tano nyuma alikuwa ameambiwa habari zake zitakatwa ziwe za sekunde tisini.

Meneja akaeleza mambo yalivyo. Wiki hiyo ndiyo wiki ya utafiti wa wasikilizaji. Kampuni ya utafiti inachagua nyumba kwa bahati nasibu, inagawa madaftari, na kila mtu wa nyumba anaandika kwa siku saba, robo saa kwa robo saa, amesikiliza stesheni gani. Daftari moja linahesabiwa kuwa ni watu elfu nne. Asubuhi ya Tisini na Tatu ikishindwa tena, basi tarehe moja muundo unabadilika. Muziki wa vijana saa ishirini na nne, na asubuhi wanakaa watangazaji wawili wapya.

"Wanajua nini hao wawili?"

"Wanajua kucheka," meneja alisema. Kisha akampa kadi ya kuning'iniza kwenye maikrofoni. "Na kuanzia kesho, mzee wangu, kati ya wimbo na wimbo usizidishe maneno manane."

"Manane?"

"Pamoja na jina la stesheni."

Sahani alihesabu. Jina la stesheni peke yake lilikuwa maneno matatu. Akaiweka kadi mfukoni, akaenda nyumbani, na nyumbani akaikuta redio inaimba Mia na Moja.

*

Siku hiyohiyo, saa tisa alasiri, bahati ilipiga hodi. Ilikuja kwa sura ya msichana mwenye mkoba na kitambulisho kifuani, akasema yeye ni mtafiti, na nyumba hii imechaguliwa. Mke akamkaribisha kiti. Sahani alikuwa amelala chumbani. Neno "utafiti" lilimwamsha kuliko saa yoyote ya mezani, akaja akasimama nyuma ya pazia.

"Swali la kwanza," mtafiti alisema. "Kuna mtu katika nyumba hii anayefanya kazi redioni, runingani au gazetini? Kama yupo, hakuna ubaya, tunairuka tu nyumba."

Mke alifungua kinywa kusema yupo. Mtafiti alikuwa amelipa pazia mgongo. Pazia likasogea kiganja kimoja, Sahani akatoa kichwa, akakitikisa kushoto na kulia. Kisha akanyoosha ngumi zake mbili mbele ya kifua, akazungusha usukani usiokuwepo.

"Hakuna," mke alisema. "Mume wangu ni dereva."

Lingeweza kuwa jambo la kuchekesha, mtu mzima na fulana ya ndani akiendesha gari nyuma ya pazia. Mke aliziangalia zile ngumi na hakuona cha kucheka.

Mtafiti akatoa madaftari matatu na penseli tatu. Akaonyesha visanduku vya robo saa, akaonyesha pa kuandika namba ya stesheni. Mwisho akafunua ukurasa wa nyuma kabisa, ambao ulikuwa mtupu.

"Huu ni wenu. Andikeni lolote kuhusu mnachokisikia, zuri au baya. Majina hatuandiki."

"Na mnasoma?" mke aliuliza.

"Tunachapa yote, neno kwa neno. Kila stesheni inapelekewa maoni ya wasikilizaji wake. Msiogope kuandika, mama. Daftari lako moja ni sawa na watu elfu nne wamesema."

Alipoondoka, Sahani alitoka nyuma ya pazia ameng'aa. Watu elfu nne mara tatu! Aliyakumbatia madaftari, akakaa nao mezani, mke na binti, akawafundisha kwa ile sauti yake ya asali.

"Tisini na tatu, tangu kumi na moja alfajiri mpaka saa nne. Lakini msijaze siku nzima, watashtuka. Acheni mapengo, mtu anaoga, mtu anapika. Mwongo hodari anaacha mapengo."

"Na huu wa nyuma?" binti aliuliza.

"Porojo za watu wasio na kazi. Hazihesabiwi. Kinachohesabiwa ni namba."

*

Jumanne stesheni ilimpeleka sokoni na gari la matangazo. Mia na Moja nao walikuja, uwanja uleule, saa ileile, na spika kubwa kuliko mlango wa gereji. Wahenga walisema fahali wawili wakipigana ziumiazo nyasi. Hawakusema kwamba fahali naye ana kwake, na huko kuna nyasi nyingine.

Sahani alipanda jukwaani na sahani tatu za santuri alizotunza kwa miaka mingi. Alisema maneno yake manane. La tisa lilizama katika spika za upande wa pili. Chupa ya maji ikaruka, ikampasua mdomo. Vijana wenye fulana za Mia na Moja walikuja wakicheka, wakamvuta miguu, akaanguka toka jukwaani mbele ya watu waliokuwa wakimpigia simu kila asubuhi kuomba nyimbo. Mmoja alizivunja sahani kwenye goti, moja baada ya moja, bila haraka. Mwingine akampiga teke la mbavu. "Amka, babu, kumekucha!" alimwambia, kwa kuiga ile sauti yake, na watu wakacheka kwa sababu alikuwa ameipatia kweli. Meneja alikuwa ndani ya gari, vioo juu. Alimweleza baadaye kwamba mtu mmoja lazima abaki kulinda mitambo.

Alifika nyumbani saa nane mchana, shati limelowa damu. Mke alichemsha maji ya chumvi, akamkalisha, akamfuta mdomo. Alimwonea huruma. Naona vizuri niseme, kwa sababu ni kweli. Aliyaona mabega yale yakitetemeka, akasahau sikio lake mwenyewe lililokuwa bado linalia.

"Lete madaftari," Sahani alisema.

"Pumzika kwanza, baba."

"Lete."

Akafungua la mkewe, akaliona sawa. Akafungua la binti. Kila robo saa ilikuwa na namba ile moja, kwa mwandiko mzuri wa shule: mia na moja, mia na moja, mia na moja.

"Nini hii?"

"Ndiyo ninayosikiliza," binti alisema. "Wameuliza tunasikiliza nini. Mimi sikusikilizi, baba. Nakusikia tu, kila siku, hata nikiziba masikio."

Sahani aliinuka. Alimshika mkono wa kulia, ule ulioandika, akauvutia kwenye meza ya cherehani. Mama aliruka akamng'ang'ania mgongoni. Akasukumwa kwa kiwiko, kichwa kikagonga gurudumu la chuma la cherehani, na macho yake yakaona weupe mtupu. Kwa hiyo hakuona. Alisikia tu. Aliyekaa na nguo miaka ishirini anajua mlio wa uzi unaokatika, wa sindano inayovunjika, wa kitambaa kinachochanika. Mlio huu haukuwa mmojawapo.

Binti alipiga kelele mara moja tu. Kisha nyumba ikawa kimya, na katika kimya hicho Sahani alipiga magoti, akamwinua mwanawe kwa upole, akamwekea kichwa begani, akazungumza kwa sauti ileile ambayo mji mzima uliipenda.

"Bafuni. Umesikia, binti yangu? Umeanguka bafuni. Sabuni. Pole sana, mwanangu."

Hospitali walifunga plasta kuanzia kiganjani mpaka juu ya kiwiko. Muuguzi alipoijua ile sauti alitoka nje kuwaita wenzake waje wamsalimie.

*

Jumatano, Sahani akiwa hewani, mke alimchukua binti wakaenda kituo cha polisi. Askari wa zamu alikuwa na redio ndogo mezani. Tisini na Tatu.

"Aliyemvunja ni nani?"

"Baba yake."

"Anafanya kazi gani?"

Mke aliinyooshea kidole redio. Askari aliangalia redio, akamwangalia mke, akaiangalia redio tena. Uso wake ukachanua.

"Huyu Sahani? Wewe ndiye mama mwenye nyumba? Mbona hamkusema mapema!" Akavuta viti viwili. "Ketini, ketini. Dada yangu, mambo ya ndani ni ya kuzungumza ndani. Mtu kama yule ana mzigo mkubwa, kutuamsha sote si mchezo. Rudini nyumbani, mpikieni, mzungumze." Walipofika mlangoni aliwaita. Mke aligeuka haraka, akidhani amebadili nia.

"Mwambie anipigie ule wa siku zote. Aseme unatoka kwa afande wa zamu. Yeye ataujua."

Nje, binti alianza kulia kwa mara ya kwanza tangu mkono uvunjike.

"Hakuna atakayeamini, mama."

"Tembea," mama alisema.

Walipofika nyumbani mke alikaa mezani, akafuta kwa kifutio kila mia na moja iliyokuwa katika daftari la binti, akaandika tisini na tatu juu yake. Kazi ilimchukua saa nzima. Alifuta vizuri, karatasi isichanike.

Jumapili alasiri, Sahani akikoroma na mdomo wake uliovimba, mke alichukua daftari lake, akafunua ukurasa wa nyuma. Hakutumia penseli. Alichukua kalamu ya wino ya kuandikia vipimo vya wateja. Alianza mara mbili akakata. Mara ya tatu hakukata. Aliandika mpaka ukurasa ukajaa, akapiga mstari chini, akalifunga.

Jumatatu kabla mtafiti hajaja, Sahani alikagua. Alipitisha kidole juu ya visanduku vyote, siku saba, madaftari matatu. Namba zilikuwa safi na mapengo yalikuwa mahali pake. Ukurasa wa nyuma hakuugusa. Porojo hazihesabiwi. Mdharau mwiba mguu huota tende, na Sahani mwiba wake aliushika mkononi, akauweka mezani kwa adabu.

Mtafiti alipofika, dereva wa nyumba alijifungia chumbani, maana angefungua kinywa tu angejulikana. Msichana aliiona plasta.

"Pole, mdogo wangu. Umepatwa na nini?"

Binti alimwangalia mama yake.

"Tumeandika yote," mama alisema, na akamkabidhi madaftari.

*

Baada ya wiki tatu, majibu yalitoka. Asubuhi ya Tisini na Tatu ilikuwa imeishinda ya Mia na Moja kwa watu elfu tisa. Meneja alimkumbatia Sahani mbele ya wafanyakazi wote, akaichana ile kadi ya maneno manane. Mstari ukutani ulikuwa umeinuka kidogo. Hakuna mwingine aliyejua kwamba kati ya wasikilizaji wote wa asubuhi, elfu kumi na mbili walikuwa nyumba moja, na mmoja wao alikuwa na plasta.

Pamoja na majibu ilikuja bahasha nene, imefungwa kwa gundi. Maoni ya wasikilizaji, yamechapwa neno kwa neno.

"Tuyasome hewani," meneja alisema. "Mia na Moja wanapigiwa simu mchana kutwa, sisi tuna barua. Tuwaonyeshe watu wanavyotupenda. Nitayapitia leo nichague mazuri."

"Usipitie," Sahani alisema. Alikuwa amelewa sifa, naye hakuwa mnywaji. "Nitaifungua bahasha mbele ya maikrofoni, wasikie karatasi inavyochanika. Miaka kumi na tisa sijawahi kusoma kitu mara mbili kabla ya kukitangaza. Nikiangalia, nimesoma. Waulize."

Na ilikuwa kweli. Ndiyo fahari ya watangazaji wa zamani. Mdomo unasema mstari huu, jicho limeshaonja ule unaofuata, na kati ya wimbo na neno hakuna kimya, kwa maana kimya ndiyo dhambi pekee wanayoiogopa.

Kesho yake saa tatu na nusu asubuhi mtaa mzima ulikuwa umefungua redio. Alikuwa amelitangaza jambo hilo tangu alfajiri. Mama Magunia alikuwa anapima mkaa, redio imening'inia msumarini. Fundi viatu alikuwa na yake, kinyozi na yake. Katika nyumba ya Sahani mwenyewe kulikuwa na redio mpya, zawadi ya meneja, na mke alikuwa anashona.

Bahasha ilichanika vizuri sana. Maoni ya kwanza yalikuwa ya mzee mmoja aliyesema nyimbo za asubuhi zinamrudishia ujana wake. Ya pili yalikuwa ya dereva wa lori. Ya tatu yalikuwa marefu.

"Huyu naye anasema," sauti ya Sahani ilijaa mtaani, "mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, kazi yangu ni ushonaji. Sauti ya kipindi cha asubuhi naisikia kila siku, tangu kinapoanza mpaka kinapokwisha. Ni sauti nzuri, sijasikia nzuri kama hiyo. Asante sana, dada! Anaendelea. Mimi naisikia hata kipindi kikishakwisha, kwa sababu saa tano sauti hiyo inaingia nyumbani kwangu. Jumatatu saa tano na robo iliuliza nani kagusa redio. Saa tano na nusu nilikuwa naokota vipande. Jumanne saa nane mchana ilimvunja mwanangu mkono juu ya meza ya cherehani, ikamwambia ase..."

Jicho lilikuwa limekwisha kuona. Mdomo, kwa mazoea ya miaka kumi na tisa, ulisema mstari mzima kabla haujapata habari.

Cherehani ilisimama. Mke aliweka viganja viwili juu ya kitambaa. Aliyoyaandika aliyajua, lakini hakuwahi kufikiria kwamba yatarudi kwake kwa sauti ile.

Redio ilikuwa kimya. Sekunde tano. Kumi. Yasemekana hata kule Mia na Moja walishusha muziki wao ili wasikie. Kisha kiti kikaburuzwa, karatasi ikachakarika, na ikatoka sauti nyingine, kavu, isiyopanda wala kushuka. Ilikuwa sauti ya msoma habari, aliyekuwa amekaa upande wa pili wa meza akisubiri sekunde zake tisini.

"Ikamwambia aseme ameanguka bafuni. Niliwaeleza majirani, wakasema mtu mwenye sauti ile hawezi. Nilikwenda polisi, wakaomba wimbo. Namba mlizoletewa kutoka nyumba hii ni za uongo, ametuandikisha. Ukurasa huu ndio wa kweli. Mtafiti ametuambia daftari moja ni watu elfu nne. Siwahitaji wote. Naomba mmoja aamini." Karatasi ikawekwa mezani. "Mwisho wa maoni. Saa ni tatu na dakika thelathini na saba."

*

Mama Magunia ndiye aliyefika wa kwanza, mikono myeusi mpaka viwikoni. Alisimama mlangoni bila kubisha hodi. Aliangalia plasta ya binti, aliangalia sikio la mama, kisha akaangalia chini.

"Jirani, mimi nilicheka," alisema. "Nilicheka, Mungu wangu." Akajifuta uso, mkaa ukamjaa mashavuni. "Inuka. Cherehani nzito?"

"Inahitaji watu wanne."

"Wapo."

Walikuwapo zaidi ya wanne. Fundi viatu alikuja, kinyozi alikuja na kitambaa bado kiko shingoni mwa mteja wake aliyemfuata. Waliibeba cherehani, sare, godoro la binti, masufuria mawili na vitabu vya shule. Redio mpya waliiacha mezani. Sebule ya Mama Magunia ilikuwa na magunia mpaka darini. Wakayasukuma pembeni, wakaweka cherehani dirishani penye mwanga.

"Akija je?" binti aliuliza.

"Aje," Mama Magunia alisema. Alichukua koleo lake la mkaa, akaketi kizingitini.

Sahani alikuja saa tano kamili. Hakujua pengine pa kwenda saa hiyo. Tai ilikuwa imelegea na jicho moja lilikuwa limeanza kuvimba, kwa maana fundi mitambo wa stesheni ana mabinti watatu na alimsubiri kwenye ngazi. Watu walikuwa wamesimama vibarazani mtaa mzima, wale wale waliokuwa wakimpungia mkono kila siku. Alijikohoza, akaitafuta ile sauti, akaipata.

"Habari za asubuhi, majirani."

Hakuna aliyeitikia. Alisalimia tena, chini kidogo, tamu zaidi. Fundi viatu akageuza uso, akatema mate pembeni. Redio zote zilikuwa zimezimwa, kwa hiyo kila kilichosikika mtaani kilisikika wazi, na kilichosikika ni cherehani.

Aliufuata mlio huo mpaka kwa Mama Magunia. Ngumi alikuwa ameikunja. Alitaka kupita, na koleo likamfika kifuani, si kwa nguvu, kiasi cha kumwachia alama nyeusi kwenye shati jeupe.

"Hapa hapapitiki, shemeji," Mama Magunia alisema. "Sema ulichonacho ukiwa hapohapo. Tunasikiliza."

Alimwona mkewe dirishani. Kichwa kimeinama, kitambaa kinapita chini ya sindano, na karibu yake binti anashikilia upindo kwa mkono wa kushoto.

"Mama," aliita. "Nimerudi. Simamisha hicho kitu tuzungumze."

Mke alimsikia. Mguu wake, wenyewe, kwa mazoea, uliinuka kutoka kwenye kanyagio, na cherehani ikapunguza mwendo. Binti alimwangalia. Mtaa mzima ulimwangalia.

Ilikuwa imepata saa tano na dakika chache. Mke aliurudisha mguu, akakanyaga, akaendelea na upindo.